Kimya Amelazwa

Usiku wa kuamkia leo niliota klarineti yangu imegoma kutoka ndani ya kasha mpaka niombe radhi.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, na hata nikiwa macho nisingeshangaa sana, maana klarineti ile ina kiburi tangu ilipotoka dukani. Nilifunua kasha nikaikuta imelala vipande vipande kama ninavyoiweka, kila kipande kwenye shimo lake la mahameli, ikaanza kunisomesha adabu. Kwa kuwa haikuwa imeunganishwa, kipande cha mdomo kilianza maneno, vya katikati vikayaendeleza, na kile kipana cha chini kikayamaliza kwa ukali kuliko wenzake.

"Zeyana," kilisema cha mdomo.

"Umemjeruhi," vikasema vya katikati.

"Mtu!" kikamalizia cha chini.

"Mtu gani tena?" nikauliza. "Mimi sijampiga mtu tangu nilipotoka skuli."

"Kimya," vikasema vyote kwa pamoja. "Yule wa kaka yako. Amelazwa. Vaa viatu."

Hapo nikajua kisa ni kipi. Nisiwaache gizani, nieleze.

Kaka yangu Mbaruku anapiga chelo kwenye klabu yetu ya taarabu hapa Unguja, ile fidla kubwa ambayo mtu huibana magotini. Mwaka huu ametunga muziki mpya, wa klarineti na vyombo vinne vya nyuzi: fidla mbili, viola, na chelo yake mwenyewe. Ameupa jina "Uani". Ni muziki wa siku hizi. Wazee wa klabu walipotusikia mazoezini waliuliza kama kuna mafundi wanabomoa dari. Fidla zinakwaruzwa, ubao wa chelo unagongwa kwa vidole, na mimi kuna mahali napuliza hewa tupu bila ya sauti, kama mtu anayepoza uji. Yote hayo nayaweza, tena nayapenda. Kilichonishinda ni kitu kimoja tu. Katikati ya muziki, sote tunapofika juu kabisa, kaka ameandika kimya. Hakina hesabu. Juu yake amechora ile alama inayofanana na jicho, maana yake tusubiri mpaka kiishe chenyewe. Na kila tukifika hapo, mimi napiga.

Sikusudii, wallahi. Mimi ni mtu wa taarabu. Aliyenifundisha ni mama yetu, Bi Kazija, na mama akisimama kuimba kina mama wote walikuwa wanatoka vitini. Mwimbaji akimaliza mstari huvuta pumzi, na katika kile kipenyo kidogo klarineti inamjibu kwa kipambo cha sauti chache, ili asibaki peke yake mbele za watu. "Nikinyamaza mimi, wewe jibu," mama aliniambia. Nimejibu nusu ya umri wangu. Mama mwenyewe haimbi tena tangu alipopasuliwa koo. Amebaki na sauti ya kunong'ona, na klabuni hakanyagi. Lakini vidole vyangu bado vinamjibu, nani atavieleza?

Juzi mazoezini nikajibu tena. Kaka akaweka upinde chini. "Zeyana," akasema, "leo mwisho. Ukikiziba tena kile kimya, kiti chako nampa Sajini Nuhu wa bendi ya polisi." Nikamwambia, mpe. Akasema, nitampa. Tukaondoka bila ya kuagana, mtu na kaka yake, na onyesho lenyewe ni leo jioni. Kukosa onyesho ningemeza, ningenuna siku mbili tatu, yakaisha. Lakini kaka sina mwingine, na niliona kama ananifukuza kwenye muziki wa nyumbani kwetu. Nililala na donge kifuani.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo klarineti iliponiambia nivae viatu. Nikavaa. Nikafungua mlango wa chumba changu, nikatokea wodini.

Wodi ilikuwa safi, na vitanda vimepangwa kuanzia sauti kubwa mpaka ndogo. Kitanda cha kwanza amelala kishindo, amefungwa kamba asianguke. Cha pili amelala mwangwi, na daktari amesimama juu yake na kalamu.

"Unaumwa wapi?" daktari anamuuliza.

"Umwa wapi," anajibu mwangwi.

"Wewe, unaumwa wapi?"

"Umwa wapi."

Niliambiwa mwangwi yuko pale tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, na hajapata hata kidonge.

Muuguzi wa zamu alikuwa fidla ya pili. Si mpigaji wake; fidla yenyewe, imevaa kofia nyeupe na viatu visivyo na kelele. Ikanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ni jamaa wa mgonjwa?"

"Mimi ndiye niliyemjeruhi."

"Saa za waliojeruhi zimepita, zilikuwa asubuhi," ikasema. Halafu ikapunga mkono. "Pita tu. Mimi siku zote ni wa pili, nani ataniuliza?"

Kimya alikuwa kitanda cha mwisho. Bwana mmoja mpana, uso wa mtu aliyekula akashiba, amevaa koti refu la kijivu ijapokuwa joto lilikuwa la kutoa roho. Mdomo hana. Pale unapotarajia mdomo pana ngozi tu, imenyolewa vizuri. Na mwili mzima umechomwa na vipambo vyangu, vimemsimama kama miba ya samaki. Nilivitambua kimoja kimoja, kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Cha begani, kile kinachopanda mbio na kutetema juu, nilikipiga Jumatatu. Cha ubavuni nilikipiga juzi, kaka alipoweka upinde chini. Kilikuwa bado cha moto.

Kimya akainua unyusi mmoja.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema cha juzi ndicho kinachomuuma," fidla ya pili ikatafsiri. "Vya mwanzo alidhani ni bahati mbaya."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Bwana Kimya, nisamehe. Sikukuchukia. Nilikuona umekaa peke yako pale katikati ya watu, nikakuonea huruma."

Kimya akainua nyusi zote mbili, akazishusha taratibu.

"Anasema, nani kakwambia yuko peke yake?"

Sikuelewa. Nikadhani homa inamzungusha. Fidla ya pili ikanipa koleo ndogo na beseni, ikaniambia mwenye miba ndiye anayeing'oa, ndiyo taratibu za pale.

Naanza kung'oa. Kila kimoja kikitoka kinalia, sauti yangu mwenyewe, kisha nakitia ndani ya beseni. Kinatoka cha begani, kinalia. Kinatoka cha shingoni, kinalia vizuri zaidi. Beseni linajaa na vile vipambo vinaanza kushikana humo ndani, na kabla sijajua kumbe ni wimbo mzima, tena mtamu. Wagonjwa wanaamka. Kishindo anapiga makofi, madirisha yanatikisika. Bibi mmoja wa kitanda cha tano anashuka, anakuja akicheza kwa mabega kama tunavyokwenda kumtunza mwimbaji, na kwa kuwa hana noti ananitundikia bandeji begani. Wengine wanafuata na bandeji zao. Na mimi, mjinga wa kupindukia, nikafurahi. Nikaanza kuyumba na koleo mkononi, natabasamu huku na huku kama bibi harusi.

Nilipogeuka, Kimya alikuwa anatoka machozi.

"Hebu tuwe na haya," fidla ya pili ikasema, ikalifunika beseni kwa sahani. Bandeji zikaniporomoka zenyewe. Nikang'oa cha mwisho, kile cha juzi, na sikukisikiliza.

Simu ya ukutani ikalia. Fidla ya pili ikapokea, ikasikiliza, ikasonya. "Kaka yako huyo. Anasema hakuna tena kitu katikati ya muziki wake, basi nusu ya mwanzo na nusu ya mwisho zimeangukiana. Sasa zinapigwa kwa wakati mmoja na majirani wamekasirika. Mgonjwa lazima arudishwe mahali pake kabla ya jioni."

"Nitamrudisha mimi."

"Sharti ni moja. Anayembeba hajibu. Jibu lolote utakalolitoa njiani litamwingia yeye."

"Hilo dogo," nikasema.

Kimya akashtuka kitandani. Begani pake palikuwa pamesimama mwiba mpya, mfupi.

"Hilo lenyewe lilikuwa jibu," ikasema fidla ya pili.

Nikaung'oa mwiba bila ya kusema samahani. Nikambeba Kimya mgongoni, na ijapokuwa alikuwa mpana hakuwa na uzito wowote. Ukumbi wa wodi ukawa mtaa wetu, na mgongo wangu ukawa mkokoteni, mimi nausukuma na yeye amekaa juu yake, mikono mapajani kama mkwe.

Sasa niambieni, jamani. Mtaani kwetu mtu anaweza kwenda uchi akasamehewa kabla ya kusamehewa aliyenyamazia salamu. Na salamu zetu si moja. Ukishajibu ya kwanza, kuna ya nyumbani, kuna ya watoto, kuna ya kazi, kuna ya usingizi, na katikati yake unatakiwa uulize na wewe. Nilipoona Bi Mize amekaa barazani kwake anachambua mchele, nilitaka kurudi wodini.

Bi Mize ni jirani aliyenibeba nikiwa mchanga. Anakumbusha hilo kila siku.

"Zeyana! Umeamkaje, mwanangu?"

Nasukuma mkokoteni.

"Hujambo?"

Nauma midomo.

"Kazi hazijambo? Kaka yako je?" Ungo umesimama mkononi. "Mama yako anaendeleaje na koo lake?"

Hilo la mama lilinitoka. Sikuwahi hata kulizuia. "Mzima, alhamdulillahi," nikasema, na Kimya akajikunja juu ya mkokoteni kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Miba miwili, mmoja kwa kila neno. Nikasimama nikaing'oa. Alikuwa amepungua. Koti lilikuwa linampwaya.

"Na huyo bwana nani?" akaendelea Bi Mize. "Mgeni wenu? Mbona hana mdomo? Anakula vipi?"

Maswali manne, na jibu la kila moja lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Niliona sasa ninammaliza. Nikitoa neno jingine hatakuwepo wa kumrudisha, na kaka atakaa maisha yake yote na muziki uliojiangukia mwenyewe, na atajua ni mimi.

Sikujua la kufanya, basi nikafanya dogo. Niliweka mkono wa kulia juu ya kifua, nikainamisha kichwa, nikakaa hivyo.

Bi Mize akanitazama. Nilimsubiri aseme mtoto wa Kazija ameota mapembe. Hakusema. Aliweka ungo chini, akafuta unga wa mchele kwenye kanga, na yeye akaweka mkono kifuani. Tukakaa hivyo, watu wawili wazima, hatusemi kitu.

"Haya," akasema baadaye. "Zimefika."

Mtaa mzima ukawa hivyo. Muuza kahawa akaweka mkono kifuani, na birika likabaki hewani peke yake mpaka alipomaliza. Mafundi baiskeli wakaweka mikono kifuani, yenye grisi. Paka mmoja akajaribu, mkono haukufika. Nilipita katikati yao bila ya kutoa neno, na sikumkosea adabu hata mmoja. Kila nilipotazama juu ya mkokoteni Kimya alikuwa ameongezeka kidogo, mpaka vifungo vya koti vikaanza kubana. Sikumbuki ni lini niliwahi kutembea mtaani kwetu nikafika mwisho nikiwa sijachoka.

Mtaa ukaishia ndani ya ukumbi wa klabu. Lakini ukumbi ulikuwa ni ua wa nyumba tuliyokulia, na katikati ya ua zimepigwa kamba tano za kuanikia nguo. Sauti zote za muziki wa kaka zilikuwa zimeanikwa pale kwa vibanio, na kamba zimelegea katikati, sauti za mwanzo na za mwisho zimerundikana moja juu ya nyingine, zinapigana vikumbo. Kelele yake siwezi kuieleza.

Kwenye kiti changu amekaa Sajini Nuhu. Magwanda yamenyooshwa, na klarineti yake nayo imepigwa pasi.

"Nakupashia kiti moto, dada," akasema kwa upole. "Ukishindwa, nipo. Ukiweza, basi nitakuwa nimepumzisha miguu."

Nikaweka mkono kifuani. Sajini Nuhu akainuka kidogo kutoka kitini bila ya kupenda, kama anayevutwa na uzi.

Chelo ya kaka ilikuwa imeegemea ukuta wa bafu. Ina sauti ya kaka, na hasira zake pia.

"Umemleta?" ikaniuliza.

Mkono kifuani.

"Nimekuuliza, umemleta?"

Mkono uleule.

"Ebo," ikasema chelo. "Hajajibu. Zeyana hajajibu."

Kimya akashuka mkokotenini, akatembea mwenyewe mpaka kwenye zile kamba, akapenya katikati ya rundo, akapanua mabega. Sauti za mwanzo zikasogea kushoto. Za mwisho zikasogea kulia. Kamba zikakaza, kelele ikakatika, na ua wote ukatulia kama nyumba baada ya wageni kuondoka. Nikadhani kazi imekwisha. Chelo ikakohoa.

"Kumleta ni jambo moja," ikasema. "Sasa tunapiga."

Klarineti imekwishajiunga mikononi mwangu. Tunaanza. Fidla zinakwaruza, viola inalalamika, chelo inajigonga tumbo, na mimi napoza uji wangu. Tunapanda. Tunapanda mpaka juu kabisa, hakuna tena pa kwenda, na sote tunaacha kwa pamoja.

Lile jicho lililochorwa juu ya kamba linafunguka na kunitazama.

Ukutani wamejaa kina mama wa mtaani, wanachungulia. "Pale katikati patupu!" wananiambia. "Anika kitu, Zeyana! Watu watasema nini?" Vidole vinaniwasha. Kidole cha mwisho kinajiinua chenyewe, nakirudisha, kinajiinua tena. Kipambo kiko tayari ndani ya kifua changu, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga, kinagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Sajini Nuhu amenikodolea macho. Naung'ata mwanzi wa klarineti kwa meno yote.

Kimya akafungua koti.

Ndani hamkuwa na bitana. Mlikuwa na kiti, na juu ya kiti amekaa mtu, amenipa mgongo, kanga begani. Sikuuona uso. Mabega yakainuka taratibu na nikasikia anavuta pumzi. Pumzi ndefu, inayoanza chini, na karibu na mwisho ina kifilimbi chembamba.

Nilikijua kile kisogo. Na pumzi ile niliijua pia, ila sikuwahi kuisikia mpaka mwisho wake. Nusu ya umri wangu kila ilipoanza nilikuwa naifunika. Nilitaka kuita, na jina lilifika kwenye meno likakuta meno yamefungwa. Nikalia machozi, klarineti mdomoni, na sikutoa hata mlio. Pumzi ikaenda mpaka ilipofika. Kisha jicho likajifumba lenyewe, chelo ikaingia chini, nasi tukaingia nyuma yake, na ndugu zangu, ulikuwa muziki.

Sajini Nuhu akasimama, akanipigia saluti, akaondoka kwa mguu wa gwaride. Nikashusha pumzi. Nikakaa kwenye kiti changu, na kweli kilikuwa na moto.

Kimya akafunga koti kifungo kimoja kimoja, akaja mbele yangu, akachezesha nyusi kwa muda.

"Anasema ahsante," ikasema fidla ya pili kutoka juu ya ukuta. "Na anasema jioni bado mbali, vidonda vinamwaka kwa hili joto. Kwako hakuna pahala pa baridi akajilaza kidogo?"

"Mwambie karibu," nikasema.

Nilisema kwa sauti, na hakikumchoma kitu. Niliambiwa kumkaribisha mgeni hakuhesabiwi kuwa jibu.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya chandarua. Kasha la klarineti lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa, halina la kusema. Nilikaa pale nikijipapasa kifua, donge nililolala nalo nikalikosa. Simu ikalia. Kaka Mbaruku.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam."

Akanyamaza. Siku nyingine pale ningekuwa nimeshamwaga maneno: kaka umeamkaje, kaka usinikasirikie, kaka na wewe umezidi, kaka umekula? Kila neno la kuziba. Leo niliweka mkono kifuani, ingawa hanioni, nikamwacha anyamaze.

Tukakaa hivyo. Na katika ule unyamavu nikasikia mtu anavuta pumzi. Hakuwa kaka. Ilianzia chini, ikaja taratibu, na karibu na mwisho kikasikika kifilimbi chembamba.

"Mama yuko hapo?" nikauliza.

"Umejuaje? Hajatoa hata neno."

"Nimemsikia anavuta pumzi."

Sauti ya kaka ilikuwa imelegea. "Ndiyo chenyewe hicho, Zeyana. Ile nafasi si tupu. Ile ni ya mama. Niliiandika ili akae kwenye kiti hapo katikati yetu, avute pumzi yake ukumbi mzima uisikie, halafu sisi tuingie kama zamani. Nimembembeleza mwaka mzima, hataki. Leo amemaliza chai yake, ameweka kikombe, akasema nimtafutie kanga nzuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utakwenda kumlilia kabla hajaamua."

Nyuma yake nikasikia mnong'ono. "Na huyo analia."

Nilikuwa nalia, nakataa nini? Nalia na kucheka, na shuka ndiyo leso yangu. Miezi yote ile nilidhani kaka ananinyamazisha, kumbe alikuwa ananiombea nafasi nimsikie mama.

"Na Sajini Nuhu?" nikauliza nilipoweza.

"Nuhu gani? Nuhu yuko Pemba kwenye harusi ya mdogo wake. Nilikutisha tu."

"Kaka, wewe!"

"Nisamehe, mdogo wangu. Njoo mapema, tukae na mama kabla watu hawajajaa." Akawa anataka kukata, kisha akasita. "Lakini Zeyana, friji lako limekufa? Siku zote nikikupigia linanguruma kuliko wewe, hatusikilizani. Leo nimekusikia mpaka unavyomeza mate."

Nikageuka. Friji limesimama pembeni pake, limenyamaza. Nikaenda na simu sikioni, nikalifungua. Taa ikawaka. Barafu ilikuwa imeshika juu, chupa za maji zimeota jasho, na baridi ikanipiga usoni vizuri tu. Nikaurudisha mlango taratibu, usije ukagonga.

"Halijafa," nikamwambia. "Lina mgeni mpaka jioni."